Lubugo Lililorudishwa Mara Mbili

Robota la mapazia lilikatwa kamba saa mbili asubuhi, na wanawake waliokuwa sokoni Bukoba wakaliinamia kama kuku walioona mtama. Walivuta yenye maua, walivuta yenye lesi, walivuta chochote kinachong'aa. Dativa alisimama pembeni na tepu yake shingoni, sketi ya kitenge cha kijani imepigwa pasi vizuri, akingoja waondoke na vizuri vyao. Yeye alikuwa amefuata kibaya. Alitaka kitambaa kizito, cha kahawia, kisicho na mng'ao, ambacho hakuna mtu mwenye macho angekitundika dirishani.

Alikiona chini kabisa ya rundo, akashika pindo. Upande wa pili mkono mwingine ukashika pindo la pili. Ulikuwa mkono mpana wa mwanamume, na mwenyewe alikuwa amevaa ovaroli la bluu lenye sindano ndefu iliyochomekwa kifuani.

"Dada, naomba uachie," alisema kwa upole. "Hili ni la makochi."

"Achia wewe, kaka. Hili ni la mfalme."

Mwanamume akacheka, mwanya ukaonekana, lakini hakuachia. Dativa naye hakuachia. Kwa mkono wake wa pili alichomoa uzi mmoja wa pindo, akatoa kiberiti kwenye pochi, akauchoma uzi pale pale watu wakimshangaa. Alimweleza kwamba uzi ukinuka karatasi ni pamba, pazia litapokea rangi, ni lake yeye Dativa. Ukijikunja kama plastiki, mwanamume alichukue akalikalie. Uzi ukanuka karatasi. Majivu yake yakadondoka laini juu ya kiatu cha yule mwanamume.

"Nimeshindwa," alisema. "Ila mtu akishindwa hupewa hata namba ya simu ya kujifariji."

Aliitwa Rwekaza, mtu wa Kanazi, fundi wa makochi mwenye karakana yake mjini. Dativa hakumpa namba mara moja, maana hakuwa msichana wa kugawa namba. Kwanza alilikunjua pazia lote na kulinyoosha juani, kwa sababu alikuwa na kanuni moja ya kazi aliyoishika kuliko amri za kanisa: kitambaa rahisi kina sababu yake, na usipoitafuta kabla ya kulipa, yenyewe itakutafuta. Sababu aliipata katikati. Palikuwa na doa jeusi jeusi, pana kama sahani, limeingia mpaka upande wa pili. Muuzaji aliapa kuwa ni kutu.

Rwekaza aliinama akalitazama. "Mfalme wako ameshachomwa mkuki," alisema.

Alitania tu. Hata hivyo Dativa alikunja pazia haraka, doa likaingia ndani. Kisha akampa namba.

Siku mbili baadaye simu ikaita, na Rwekaza alitaka kujua mfalme anaendeleaje. Dativa alimsimulia. Parokia yao kule Kamachumu ilikuwa inaadhimisha jubilei, na kamati ilikuwa imeandaa mchezo wa kuigiza wa jinsi mapadri wa kwanza walivyopokelewa na Omukama, mfalme wa zamani. Waigizaji arobaini walihitaji mavazi ya enzi hizo, na fedha aliyopewa ingetosha kuvalisha watu kumi. Kanzu za mapadri angezikata kwenye mashuka ya mitumba. Mabibi wa ikulu angewavika majani makavu yaliyoshonewa kwenye mkanda wa gunia. Kazi ngumu ilikuwa lubugo, nguo ya gome la mti ambayo Omukama na wazee wake walijifunga begani, maana lubugo halisi siku hizi huletwa kutoka ng'ambo ya mpaka na bei yake si ya kamati.

"Na Omukama ni nani?" Rwekaza aliuliza.

"Tata, baba yangu mwenyewe," Dativa alijibu, na sauti yake ikajaa fahari. Mzee Karugendo alikuwa mwalimu mstaafu, mrefu, mwenye sauti ya kunyamazisha darasa bila fimbo. Kamati haikuhitaji kupiga kura.

Ikawa kila jioni kabla ya kufunga kazi, Rwekaza anapita kwenye kibanda cha kushonea cha Dativa hapo mjini. Alikuja na mabaki ya vitambaa vya makochi, akaja na ushauri, mwishoni akawa anakuja na sababu zisizoeleweka. Yeye ndiye aliyemwambia achemshe maganda ya kahawa pamoja na majani ya chai ili pazia lipate wekundu wa gome. Walilichemsha pamoja kwenye sufuria la kuazima uani, moshi ukiwatoa machozi, Dativa akikoroga kwa mwiko na Rwekaza akimwita Mama Ntilie wa mapazia. Lilipokauka walilisugua kwa jiwe mpaka likapoteza uso wa dukani. Kisha Dativa akalishona viraka vya uongo kwa uzi mnene, mishono ikionekana, kwa sababu lubugo la kweli halikosi viraka: gome hutoboka linapopondwa.

"Ukisimama hatua kumi, huwezi kujua," Rwekaza alisema akirudi nyuma.

"Na ukisimama hatua moja?"

"Hatua moja silitazami pazia."

Dativa alimpiga begani na tepu, lakini alikuwa anacheka. Alimpenda. Hakumwambia mtu, ila alimpenda tangu siku ya kiberiti, na Rwekaza naye alikuwa ameacha kulala vizuri. Walishaongea hata juu ya kwao Rwekaza kuwa Walutheri na Dativa kuwa Mkatoliki, wakakubaliana kwamba hilo litakuwa neno la kwanza la Ma Benigna, mama yake Dativa, lakini halitakuwa la mwisho.

Kitu kimoja tu kilimsumbua Dativa. Doa lilikuwa halijatoka. Lilichemshwa, likasuguliwa, likapakwa tope, na kila mara pazia lilipokauka, doa lilirudi mahali pake. Alipima, akakata, akageuza, na kwa ufinyu wa kitambaa hakukuwa na namna nyingine: doa lilianguka kwa ndani, upande wa kushoto wa kifua. Alijiambia kuwa hakuna atakayeliona.

Mwezi Agosti, alipompima baba yake mara ya kwanza, kifua kilikuwa inchi arobaini na moja. Aliandika kwenye daftari lake la vipimo. Wiki ya tatu ya Septemba alipanda Kamachumu na vazi lililoshikizwa kwa pini, akamvisha, na vazi likaning'inia. Akapima upya. Thelathini na nane. Alijilaumu, akasema tepu yake imezeeka na kuvutika. Mama yake, aliyekuwa anamenya ndizi mlangoni, alisema bila kuinua macho kuwa mzee anafunga na kusali kwa ajili ya jubilei, ndiyo maana amepungua.

"Mawe, mama yangu, mtu hufunga mpaka mifupa ya mabega?"

"Punguza nguo, mwanangu. Ndiyo kazi yako."

Dativa alinunua tepu mpya Bukoba. Wiki mbili baadaye, siku ya Jumamosi, tepu mpya ikasema thelathini na sita. Baba alisimama amenyoosha mikono kama mtoto anayevalishwa sare, akitania kuwa wafalme wa zamani walikuwa wembamba kwa kufikiri sana. Miguu yake ilikuwa imevimba, viatu amevivaa bila kufunga kamba. Dativa alichoma pini, akachoma pini nyingine, akamchoma baba mwenyewe. Baba hakushtuka. Hilo ndilo lililomtisha zaidi.

Sasa tusimame kidogo, maana Jumamosi hiyo hiyo Rwekaza alikuwa njiani.

Alikuwa ameamka na wazo zuri, na mawazo mazuri ndiyo huwaangusha watu. Kwao Kanazi, juu ya kabati la marehemu baba yake, palikuwa na lubugo halisi, jekundu la kutu, laini, limekunjwa miaka ishirini na zaidi. Kwa miezi miwili yeye na Dativa walikuwa wanalisema neno lubugo kila siku, lubugo la kahawa na chai, lubugo la mchezo, lubugo la jukwaani, mpaka likawa kwake jina la vazi na si kingine. Akafikiri: kwa nini baba wa mpenzi wangu avae pazia? Alipita kibandani akakuta Dativa amepanda Kamachumu. Akavaa shati jeupe, akafunga lubugo kwa kamba ya mgomba, akaliweka kwapani, akapanda bodaboda. Alitaka kumshangaza.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Rwekaza aliingia kwenye ua wa mzee Karugendo kupitia mgombani saa saba mchana, mwanamume asiyejulikana pale, shati jeupe, uso wa heshima, lubugo kwapani. Ma Benigna alimwona wa kwanza. Kisu cha ndizi kikamtoka mkononi.

Msomaji wa mbali huenda hajui, lakini pale uani hata kuku walijua. Baba mkwe akifariki, mkwe humletea lubugo la kumzikia. Huja nalo hivyo hivyo, kwapani, limefungwa kwa kamba ya mgomba. Haliji siku nyingine. Na ndani, kwenye kiti kirefu kando ya redio, mzee alikuwa amekaa na miguu yake iliyovimba, mzima, anasikia kila kitu.

"Kasinge waitu," Rwekaza alisalimu, akapiga goti kidogo. "Shikamoo, mama."

Ma Benigna hakuitikia. Hakumkaribisha kiti, wala hakumpa punje ya kahawa ya kutafuna, ambayo hata mpita njia hupewa. Aliuliza kwa sauti ndogo sana, "Nani amekuambia?"

Rwekaza hakuelewa swali. Dativa alitoka ndani na pini mdomoni, akamwona, akaona alichobeba, na uso wake ukawa wa majivu. Kifo alichokuwa anakiogopa tangu Septemba bila kukitaja jina kilikuwa kimefika kwa miguu yake, na kilikuwa na uso wa mtu anayempenda.

"Rwekaza, hicho ni nini?"

"Lubugo la kweli," alisema, na hapo tu, neno lilipotoka mdomoni mwake ndani ya ua wa watu, akalisikia lilivyo. "La mchezo, Dativa. La Omukama. Nilidhani..."

"Umelipata wapi? Kwa bei gani?"

Angeweza kudanganya. Angesema Masaka, ng'ambo ya mpaka, angesema sokoni. Lakini alikuwa anamjua Dativa na kanuni yake, akajua ataitafuta sababu mpaka aipate.

"Halina bei. Lilikuwa la baba yangu. Babu mzaa mama alipofariki, baba alilipeleka msibani kama mkwe. Wajomba wakalirudisha mbele ya watu, kwa sababu alimchukua mama bila kuaga kwao. Tangu siku hiyo liko juu ya kabati."

Alisema ukweli, na ukweli ukawa mbaya kuliko uongo wowote. Ma Benigna alifunika mdomo kwa kanga.

"Umetoa nguo msibani," Dativa alisema polepole, "nguo iliyokataliwa kaburini, ukaileta kwa baba yangu akiwa hai."

"Dativa, sikukusudia."

"Nani amekutuma umpimie baba yangu kaburi? Mimi ndiye ninayempima. Mimi!" Machozi yalimshuka. "Lirudishe lilikotoka. Na wewe usinipigie tena."

Rwekaza aliinama kwa Ma Benigna, akageuka, akapita mgombani alikopita. Majirani wawili walikuwa wameshasimama njiani. Kabla jua halijazama Kamachumu yote ilikuwa imesikia kwamba Dativa ana mchumba, na mchumba mwenyewe ameshaleta sanda.

Simu hazikuita tena. Dativa alishona usiku na mchana, akamaliza mavazi thelathini na tisa, la arobaini akaliacha limeshikizwa kwa pini kwa sababu aliogopa kulishona kwa kipimo ambacho kesho kingekuwa kimepitwa. Alimchukia Rwekaza, kisha akamkumbuka, kisha akajichukia kwa kumkumbuka. Mara mbili alishika simu. Mara mbili aliiona miguu ile iliyovimba, akaiweka.

Ambalo hakulijua ni hili. Jumatatu baada ya tukio lile, simu ya Rwekaza iliita karakanani, namba ngeni, na sauti iliyomfanya asimame wima ingawa alikuwa peke yake.

"Mimi ni Karugendo. Namba yako nimeitoa kwenye daftari la vipimo la binti yangu. Lubugo umeliweka wapi?"

"Juu ya kabati, mzee. Nisamehe sana, mzee."

"Kabatini linaliwa na wadudu. Lianike, ulikung'ute, ulikunje upande mwingine maana mkunjo wa zamani utapasuka." Mzee alipumua kwa shida, kisha akaendelea kwa sauti ile ile ya darasani. Alieleza kuwa madaktari walishamwambia tangu Juni. Figo zilikuwa zimechoka. Mkewe anajua, binti yake hajui, na hatajua kabla ya jubilei, kwa sababu akijua atashindwa kushona na watu arobaini watapanda jukwaani uchi. "Nisikilize vizuri. Siku utakayosikia, lilete. Usingoje kuitwa. Mtu anayekuja akiitwa ni mgeni tu."

"Mzee, Dativa amenikataza nyumbani kwenu."

"Ndiyo maana nakuambia. Na hili tunalozungumza, usimwambie."

Rwekaza aliahidi. Ikawa adhabu yake. Alijua kitu kibaya kuliko vyote ambavyo mpenzi wake angeweza kujua, na alichoruhusiwa kufanya ni kuanika gome la mti juani kila asubuhi na kulingoja liwe na kazi.

Siku ya jubilei mvua ilitishia tangu asubuhi, wingu limeketi juu ya Kamachumu. Uwanja wa parokia ulijaa. Mapadri wa mashuka walipita, watu wakacheka na kupiga makofi. Mabibi wa majani walicheza. Kisha ngoma ikabadilika na Omukama akatoka.

Hakuna aliyecheka. Mzee Karugendo alitembea taratibu mno, pazia la kahawia limefungwa begani, mkuki mkononi, na umati ukanyamaza wenyewe. Bibi mmoja mbele akapiga magoti kweli, akisema "kasinge" kwa mfalme ambaye hakuwahi kumwona isipokuwa katika hadithi za nyanya yake. Kwa hatua kumi lilikuwa lubugo. Dativa, nyuma ya jukwaa, alikuwa hatua tatu, na aliona mkuki haubebwi bali unaegemewa. Aliona pini zake kumi na nne zikishikilia vazi kwenye mwili uliokuwa unaondoka ndani yake. Mzee alisema maneno yake yote bila kukosea. Alipofika mahali ambapo mfalme anawapa wageni ardhi ya kujenga, aliinua mkono, vazi likafunguka kidogo, na doa likaonekana juu ya moyo.

Nyuma ya umati, chini ya mwavuli mweusi, alisimama Rwekaza. Macho yao yalikutana kupita vichwa vya watu. Dativa ndiye aliyegeuka kwanza.

Kwenye darasa lililotumika kubadilishia nguo, mzee alikaa kwenye dawati na kumwambia binti yake achukue tepu.

"Mchezo umekwisha, Tata."

"Pima."

Alipima. Thelathini na nne. Hakuandika. Baba alimshika mkono pamoja na tepu yake.

"Tepu ya kwanza haikuwa imevutika, na ya pili pia haikuwa na kosa. Wewe ni fundi mzuri, ulijua tangu Septemba. Mama yako alijua kabla yako. Tulikuwa watu watatu tunafichana kitu kimoja ndani ya nyumba moja."

Dativa alipiga magoti sakafuni na kulia na uso wake juu ya pazia. Baba alimwacha alie. Kisha akasema kuwa yule kijana hakumtakia kifo. Alikuwa amekuja na kitu cha mkwe kabla hajawa mkwe, na kosa lake lilikuwa haraka, ambalo si kosa la roho mbaya.

"Nimwite?" Dativa aliuliza.

"Usimwite. Nitakapoondoka, usimpigie. Kama ni mtu, utamwona. Kama si mtu, umeokoka."

Mzee Karugendo alifariki wiki ya pili ya Novemba, asubuhi, redio ikiwa inasoma taarifa ya habari. Dativa alikuwa amemshika miguu.

Walizika siku iliyofuata alasiri. Mvua ilikuwa imekatika lakini migomba bado ilikuwa inadondosha. Dativa alivaa gauni jeusi alilolishona mwenyewe mwezi mmoja kabla, bila kumwambia mtu, bila hata kujiambia ni la nini. Tangu alfajiri alikuwa anaitazama njia ya mgombani. Simu ilikuwa mfukoni, ina chaji, na mara tatu kidole chake kiligusa jina la Rwekaza. Hakupiga. Alimkasirikia baba yake kwa kumwachia jaribio gumu kama hili siku kama hii.

Ulifika wakati wa nguo za kumfunika marehemu. Byabato, mdogo wa marehemu, alisimama kando ya jeneza lililo wazi na kuziita kama ilivyo desturi. Wakaja ndugu na shuka zao, wakaja wajukuu wa ukoo, wakaja walimu wenzake. Byabato akamtazama Dativa, mtoto pekee, asiyeolewa, akasita, lakini desturi ni desturi.

"Wakwe?"

Mtu alikohoa. Wanawake waliinamisha vichwa kwa aibu ya kumwonea huruma.

"Wakwe wapo?"

"Nipo," sauti ilisema kutoka mgombani.

Alikuwa amevaa kanzu nyeupe iliyolowa mpaka magotini, maana alikuwa amesimama kule tangu saa nne, akingoja swali lililokuwa lake. Lubugo lilikuwa kwapani, limefungwa kwa kamba ya mgomba. Minong'ono ikapita kama upepo. Kila mtu alikumbuka. Byabato alikunja uso na kunyoosha mkono wa kumzuia.

Ma Benigna akasimama. Alitembea katikati ya watu, mdogo ndani ya kanga zake mbili, mpaka mbele ya Rwekaza. Alifungua kamba mwenyewe. Alilikunjua lubugo, akalipapasa, akanusa jua lililokuwemo.

"Limekataliwa mara ngapi hili?"

"Mara mbili, mama."

"Nani amekuita leo?"

"Mwenyewe. Tangu mwezi wa kumi."

Ma Benigna alimtazama mumewe ndani ya jeneza kwa muda mrefu, kama mke anayemkuta mume amefanya jambo bila kumshauri, na ni jambo zuri.

"Wewe mtu umeanza kuoa kutoka mwisho," alisema. "Ya mahari na ya dini mtakuja kuyasema matanga yakiisha. Lakini lubugo halirudi kwenu mara ya tatu."

Alipolinyanyua kumpa Byabato, mkunjo wa zamani ukaachia. Mpasuko wa urefu wa mkono ulifunguka katikati. Byabato akarudisha mikono yake nyuma, maana hakuna amzikaye baba kwa nguo iliyopasuka.

Dativa alikuwa ameshasogea. Alikaa chini kwenye mkeka pale pale, akalilaza lubugo mapajani. Hakumtazama Rwekaza usoni, alinyoosha mkono tu. Rwekaza alichomoa ile sindano ndefu kutoka kifuani mwa kanzu, kwa sababu fundi hatembei bila sindano hata msibani, akaitia uzi na kumpa. Vidole vyao viligusana na havikuharakisha kuachana.

"Nisamehe," Dativa alinong'ona.

"Shona, mpenzi."

Alishona mbele ya ukoo mzima, mshono mnene unaoonekana, kama viraka vile vya uongo alivyoshona kwenye pazia, ila sasa kiraka kilikuwa cha kweli. Rwekaza alipiga goti akamshikia upande wa pili, kitambaa kimenyooka kati yao kama siku ile sokoni. Hakuna aliyewaharakisha. Alipomaliza, alikata uzi kwa meno, na mama yake na Byabato wakamfunika mzee Karugendo. Lilimtosha. Dativa alikuwa ameliona kwa jicho tu, bila tepu, kwamba litamtosha.

Jioni, watu walipopungua, Rwekaza alikaa kwenye benchi la ukutani pamoja na wanaume wengine, tope la kaburi bado kwenye kanzu. Ma Benigna alipita na kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna, akimpa kila mtu. Alipomfikia yeye alisimama, akamchagulia punje mbili nzima, akamwekea kiganjani. Kisha akasogea kwa mtu wa pili.